MBARAKA MWINSHEHE: SOMO LA GITAA KWA WENYE PEDALI NA WASIO NAZO

Leo nawaletea habari za marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Wengi wetu tumezaliwa yeye hayupo, tumemkuta kwenye redio za wazee.

Kwa nini yeye? Huku kwetu Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa cha Mafia, kuna vijana wanajikusuru hela ya pweza ili wanunue pedali za gitaa. Mshkaji wangu mmoja kauza baiskeli. Kichwani mwake bila pedali saba nane zilizojipanga miguuni, huyo siyo mpiga gitaa. Mi nasema kabla hujauza baiskeli, msikilize Mbaraka kwanza.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944. Mwaka huohuo ndio ilianzishwa Morogoro Jazz Band, ila ilibidi wasubiriane miaka ishirini hivi. Katikati ya miaka ya 1960 aliacha sekondari akaingia kwenye hiyo bendi. Mimi mwenyewe nimeishia kidato cha nne, kwa hiyo simsemi mtu, lakini tuelewane: jamaa hakuacha shule akakae kijiweni. Alikuwa anatunga, anaimba na anapiga gitaa la solo. Kazi tatu, mtu mmoja.

Na Morogoro ya wakati ule ilikuwa si mchezo. Upande wa pili kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza akaja kuiongoza bendi na upinzani ukaendelea. Mji mmoja, bendi mbili kubwa, mashabiki wamegawanyika kama Simba na Yanga. Hapo ukipiga gitaa linalofanana na la jirani umekwisha. Ilibidi mtu akisikia noti mbili tatu kwa mbali ajue huyu ni nani.

Mwaka 1970 Mbaraka alikwenda hadi Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Mwaka 1973 akaondoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, wale wa mtindo wa Masika Zole. Enzi hizo bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, lakini wakitaka sahani za kuuza walifunga safari ya Nairobi, maana kiwanda cha kuzichapa hapa kwetu hakikuwepo. Ndiyo maana nyimbo kama Shida zilivuma huku na Kenya pia.

Sasa tuje kwenye gitaa lenyewe. Chukua wimbo wake wowote, vaa spika za masikioni, sikiliza pole pole. Solo liko juu, kwenye nyuzi nyembamba, linalia safi. Chini yake kuna gitaa la rithimu linazunguka katikati. Besi iko chini kabisa peke yake. Kila mmoja ana chumba chake, hakuna anayekanyaga mkeka wa mwenzake. Bendi nzima imepangwa hivyo kwa vidole na kwa masikio.

Wadau, hiyo ndiyo kazi ya ikwalaiza! Ikwalaiza haitengenezi utamu, inagawa vyumba tu. Chukua mfano wa Boss GE-7, ambayo ilitoka miaka ya 1980, Mbaraka keshafariki. Ina vitelezi saba vya sauti, kuanzia hetsi 100 hadi 6,400, na kimoja cha kuongeza nguvu ya jumla. Uzi mnene wa gitaa uko kwenye hetsi 82 hivi, wa besi uko kwenye 41. Ukipandisha 100 na 200 ukiwa chumbani peke yako utasikia raha, gitaa zito. Ukienda kwenye bendi unagombana na besi, mnasikika matope wote wawili. Teremsha hapo, kisha pandisha kidogo kwenye 800 na 1,600. Solo litatoka mbele bila kugusa volumu. Kule 3,200 nenda taratibu, kunachoma masikio.

Kwa ambao tayari mna pedali, mpangilio wa kuanzia ni huu: gitaa, wawa, kompresa, distosheni, ikwalaiza, korasi, dilei, rivabu, halafu amplifaya. Sababu ni rahisi. Kila pedali inakula kilichopikwa na iliyotangulia. Ukiweka dilei kabla ya distosheni, ule mwangwi wote unasagwa pamoja na noti mpya, unapata uji. Kompresa ukiiweka baada ya distosheni itanyanyua na makelele yote. Ikwalaiza ndiyo inahamahama: ukiitanguliza kabla ya distosheni unabadilisha namna gitaa linavyokwaruza, ukiiweka baada, unabadilisha rangi ya sauti nzima, na unaweza kuikanyaga wakati wa solo tu ili upande juu ya wenzako. Jaribu kote kuwili. Na ukisikia mvumo usioisha, usikimbilie kulaumu pedali, kagua kwanza adapta na waya.

Na wewe ambaye huna hata moja? Ikwalaiza unayo tayari. Amplifaya nyingi zina vinobu vya besi, kati na juu, hiyo ni ikwalaiza ya vipande vitatu. Gitaa lina kinobu cha toni. Na mkono wako wa kulia ni pedali ya bure: piga karibu na daraja, sauti inakuwa kali na nyembamba, sogea kuelekea shingoni, inalainika. Halafu ongea na mwenzako wa rithimu. Akiwa anapiga juu wewe shuka, akishuka wewe panda. Hilo halina bei.

Mbaraka alifariki tarehe 12 Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Alikuwa na miaka 34 tu. Gari lilishamchukua Salum Abdallah, likamchukua na yeye. Baadaye nyimbo zake zilitolewa kwa mfululizo wa albamu zilizoitwa Ukumbusho, na ndizo zimetufikishia sisi wa leo.

Simaanishi pedali ni mbaya, nikipata hela nami nitanunua. Ila mtu aliyetambulika kwa noti mbili tatu katika mji wenye bendi mbili kubwa alijua kwanza anataka kusikika vipi. Ukishajua hilo, pedali moja inakutosha. Hujalijua, hata kumi zitakupotezea baiskeli bure.

Wadau mnaopiga magitaa, nyie ikwalaiza mnaiweka wapi, kabla au baada ya distosheni? Na wazee mliowahi kumuona Mbaraka jukwaani, tumwagieni mambo hapo chini. Tuko pamoja.