Ronald Ross: Daktari Aliyechunguza Tumbo la Mbu

Mtahiniwa, ukiulizwa mbu anaenezaje malaria, usijibu kwamba anabeba damu ya mgonjwa na kumtilia mtu mzima. Jibu hilo si sahihi. Maisha ya Ronald Ross yatakuonyesha sababu.

Ross alizaliwa tarehe 13 Mei 1857 mjini Almora, India. Alipenda ushairi, lakini baba yake alimtaka awe daktari. Alisomea udaktari London, na mwaka 1881 akaanza kazi ya utabibu nchini India.

Tangu mwaka 1880, daktari Mfaransa, Laveran, alikuwa ameona vimelea vya malaria katika damu. Haikujulikana vinahamaje. Mwaka 1894 Patrick Manson alimweleza Ross kwamba huenda mbu wanahusika. Ross alirudi India, akaanza kupasua mbu na kuwachunguza kwa hadubini. Kwa miaka miwili hakuona kitu, kwa kuwa alitumia mbu wa aina ambayo vimelea hivyo haviwezi kukua tumboni mwake.

Agosti 1897, mjini Secunderabad, alipata mbu wa aina nyingine, wenye mabawa ya madoadoa, akawaacha wamuume mgonjwa wa malaria. Tarehe 20 aliona vifuko vyenye chembe nyeusi katika ukuta wa tumbo la mbu mmoja. Mwaka 1898, mjini Calcutta, alitumia ndege wenye malaria yao kufuatilia safari yote: vimelea hupenya ukuta wa tumbo, hukua ndani ya vifuko, vifuko hupasuka, kisha vimelea vichanga huingia katika tezi za mate. Mwaka huohuo Grassi na wenzake nchini Italia walithibitisha kwamba malaria ya binadamu huenezwa na mbu aina ya Anofelesi.

Ross alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902, akafariki London tarehe 16 Septemba 1932.

Zingatia haya unapojibu:
(a) Vimelea vingi hufa tumboni mwa mbu. Vichache vinavyopenya ndivyo huongezeka.
(b) Safari hiyo huchukua takriban siku 10 hadi 14. Mbu akifa kabla, haambukizi mtu.
(c) Virusi vya UKIMWI humeng'enywa tumboni humo, ndiyo maana mbu haenezi UKIMWI.