Richard Drew: Mpiga banjo aliyevumbua utepe wa gundi

NI vigumu kupata ofisi, duka au darasa lisilokuwa na utepe wa gundi. Karani huutumia kufunga bahasha, mwalimu hushikiza michoro ukutani, naye fundi wa rangi hauanzi mlango kabla ya kuuzungushia fremu yake. Hata hivyo, ni wachache wanaolijua jina la mtu aliyeuvumbua.

Richard Gurley Drew alizaliwa Juni 22, 1899 mjini St. Paul, jimbo la Minnesota nchini Marekani. Ujanani alijipatia riziki kwa kupiga banjo katika bendi za dansi, na kwa fedha hizo akajilipia karo ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Masomo hayo hakuyamaliza. Alijiendeleza kwa kozi ya posta kuhusu uundaji wa mashine, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaajiriwa kama msaidizi wa maabara katika kampuni ya Minnesota Mining and Manufacturing, ambayo leo hujulikana kama 3M. Wakati huo kampuni hiyo ilitegemea karatasi za msasa.

Kazi yake ilikuwa kupeleka msasa kwenye gereji ili ujaribiwe. Siku moja mwaka wa 1923, aliwakuta mafundi wa gereji moja wakilaani kazi yao. Magari ya rangi mbili yalikuwa yamevuma, na ili rangi moja isiingilie nyingine, mafundi walifunika sehemu iliyokwisha kupakwa kwa magazeti na karatasi za kufungia nyama, wakazibandika kwa gundi au plasta za hospitalini. Walipozibandua, rangi nayo ilitoka, na kazi ikaanza upya.

Drew, ambaye hakuwa mtaalamu wa rangi wala wa gundi, aliwaahidi kwamba atawatafutia dawa.

Ahadi hiyo ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Plasta za kunata zilikuwepo tangu karne ya 19, lakini fundi wa gari alihitaji kitu chenye tabia mbili zinazopingana: kishike mara kinapoguswa, kisha kitoke bila kuacha alama.

Wataalamu huupima utepe wa aina hii kwa mambo matatu. La kwanza ni mnato wa papo hapo, yaani wepesi wa gundi kushika kwa kubonyezwa kidogo tu, bila maji wala moto. La pili ni nguvu inayohitajika kuubandua. La tatu ni mshikamano wa ndani, unaoiwezesha gundi kuhimili mzigo bila kuteleza wala kukatika. Siri iko katika mizani ya mambo hayo. Gundi inapojishika yenyewe kwa nguvu kuliko inavyoshika chuma, hutoka nzima. Inapokuwa kinyume, huacha mabaki yanayonata.

Drew alijaribu mafuta ya mimea, utomvu na gundi za kila aina. Wakati fulani William McKnight, aliyekuwa akisimamia shughuli za kampuni, alimtaka arudi kwenye kazi ya msasa. Alitii kwa muda mfupi, kisha akarejelea majaribio yake. McKnight alimkuta lakini hakumfukuza. Aidha, inasimuliwa kwamba aliponyimwa idhini ya kununua mashine aliyoihitaji, Drew, aliyeruhusiwa kutumia hadi dola 100 bila kuuliza, aliilipia kwa hati nyingi za dola 99.

Mwaka wa 1925 ufumbuzi ulipatikana: karatasi yenye mikunjo midogo inayonyumbulika, iliyopakwa gundi ya maseremala iliyolainishwa kwa gliserini. Utepe wa mafundi wa rangi ukawa umezaliwa.

Baadaye Drew aligeukia selofani, karatasi angavu iliyokuwa imeanza kutumiwa kufungia vyakula. Ilikuwa kazi ya kukatisha tamaa. Selofani ilijikunja karibu na joto, ikapasuka mashineni, na gundi haikutandazika sawasawa juu yake. Ilibidi ipakwe kwanza tabaka la kushikilia gundi, na gundi yenyewe itengenezwe upya isiwe na rangi. Mnamo 1930 utepe huo angavu uliingia sokoni.

Wakati ulikuwa mbaya, kwani Mdororo Mkuu wa uchumi ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia. Lakini shida hiyo ndiyo iliyoupa utepe soko. Watu wasioweza kununua vitu vipya waliutumia kutengeneza vya zamani: vitabu vilivyochanika, vidude vya watoto, hata noti zilizoraruka. Bidhaa iliyokusudiwa viwanda ikaingia majumbani. Mwaka wa 1932, John Borden wa kampuni hiyohiyo aliunda kishikio chenye meno ya kuukatia.

Nchini Uingereza, utepe wa namna hiyo ulianza kuuzwa mwaka wa 1937 kwa jina la Sellotape, na ndilo jina lililozaa neno selotepu tunalolitumia hapa Kenya.

Kuanzia miaka ya 1940, Drew aliongoza maabara iliyowakusanya watu wenye mawazo yasiyo ya kawaida. Humo mlichangiwa uvumbuzi wa plasta za hospitalini zinazopitisha hewa na karatasi za alama za barabarani zinazong'aa usiku. McKnight naye, aliyewahi kumzuia, aliweka mwaka wa 1948 kanuni zilizowataka mameneja kuwaachia wafanyakazi nafasi ya kujaribu na kukosea.

Drew alistaafu mwaka wa 1962 akiwa na hataza 30 kwa jina lake. Alifariki Desemba 14, 1980 mjini Santa Barbara, California, akiwa na umri wa miaka 81. Mwaka wa 2007 jina lake liliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Wavumbuzi nchini Marekani.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Kwa Drew, uvumilivu huo ulianzia kwa kusikiliza malalamiko ya mafundi ambayo wengine waliyapita.