Siti binti Saad na Safari ya Santuri

Wengi wanalijua jina la Siti binti Saad, lakini si wote wanaojua jinsi sauti yake ilivyoingia katika santuri. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, kwa wazazi waliotoka katika utumwa, naye akaitwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akinadi kwa sauti tamu. Mwaka 1911 akahamia mjini. Taarabu ya kasri ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya kila mtu.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimvusha bahari hadi Bombay pamoja na wapigaji wake, akiwemo Maalim Shaaban na Mbaruku Talsam, kwani kwetu hapakuwa na mitambo ya kunasia sauti. Kuandika hakujua, sahani zikamwandikia. Waimbaji wengi waliomtangulia walizikwa na sauti zao.

Siti alifariki Julai 1950. Lakini mtu wa pwani aliyehamia Kitale au Bungoma, mbali na mawimbi, aweza kumsikia hata leo. Aliyeitwa Mtumwa ameacha sauti isiyo na bwana. Mola amrehemu.