Sokoine na Uchumi wa Taifa

Sisi wa Babati twamkumbuka Marehemu Edward Moringe Sokoine kama jirani, maana hadi mwaka 2002 tulikuwa mkoa mmoja, Arusha, na Monduli alikozaliwa mwaka 1938. Alijiunga na TANU mwaka 1961, na mwaka 1977 akawa Waziri Mkuu. Aliporejea katika wadhifa huo mwaka 1983, baada ya kupumzika kwa miaka miwili na zaidi, nchi ilikuwa taabani na walanguzi walificha bidhaa ambazo mkulima alizitafuta asizipate. Sokoine aliwaandama bila kujali vyeo vyao. Lakini gereza halizalishi kitu. Ndipo mwaka ule ule ikatungwa Sheria ya Nguvukazi, kumtaka kila mwenye uwezo afanye kazi. Mwezi Novemba, kwa mapatano ya Arusha, mpaka wetu na Kenya uliofungwa tangu 1977 ukafunguliwa. Alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili, 1984.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anayejiibia, hapana mgeni awezaye kumponya.