Lord Delamere na malisho ya Njoro

Hugh Cholmondeley, maarufu kwa jina la Lord Delamere, alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Mwindaji na mpanda farasi huyo alifika nyanda za juu za Kenya mwaka 1897 akitokea Somalia, akazipenda. Alihamia huko mwaka 1903, na serikali ya kikoloni ikamkodisha ekari 100,000 za Njoro kwa miaka 99, kodi ikiwa pauni 200 kwa mwaka. Nyasi zilipendeza, ila Wamasai walikuwa wakiziepuka. Hilo peke yake lingetosha kumtahadharisha. Udongo ulipungukiwa madini, na ng'ombe na kondoo aliowaagiza ng'ambo wakadhoofu na kufa. Aligeukia ngano, nayo ikashambuliwa na kutu. Mifugo ilistawi baadaye Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, alikozikwa mwaka 1931, akiacha madeni makubwa benki.