Camille Claudel: Mchonga sanamu aliyeponzwa na penzi na ahadi hewa

MNAMO mwaka wa 1988, kampuni za sinema nchini Ufaransa zilianza kuonyesha filamu Camille Claudel, yake mwelekezi Bruno Nuytten. Isabelle Adjani aliigiza nafasi ya Camille, naye Gérard Depardieu akawa mchonga sanamu mashuhuri, Auguste Rodin. Filamu hiyo ilinyakua tuzo tano za César, ikiwemo ya filamu bora, na Adjani akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Kisa hicho cha mapenzi na usaliti hakikuwa cha kubuni.

Camille alizaliwa Desemba 8, 1864 katika mji mdogo wa Fère-en-Tardenois, kaskazini mwa Ufaransa. Tangu utotoni alipenda kufinyanga udongo. Babake alimuunga mkono, ilhali mamake hakuridhia kamwe binti yake kuifanya kazi hiyo.

Familia ilihamia Paris mnamo 1881. Shule kuu ya sanaa ya serikali haikuwapokea wanawake hadi 1897, hivyo Camille alijiunga na chuo cha kibinafsi cha Colarossi. Mwalimu wake, Alfred Boucher, alipofunga safari ya Italia alimwomba Rodin amshikie nafasi.

Wakati huo Camille hakuwa ametimu miaka 20, naye Rodin alikuwa amemzidi umri kwa miaka 24. Binti huyo akawa msaidizi katika karakana yake, kisha mpenzi wake. Kama ilivyokuwa desturi ya karakana za enzi hizo, jasho la wasaidizi lilimezwa na jina la bwana mkubwa.

Kikwazo kilikuwa Rose Beuret, mwanamke aliyeishi na Rodin tangu 1864. Hata hivyo, mnamo Oktoba 1886, Rodin alimwandikia Camille ahadi kwamba hangefundisha mwanafunzi mwingine, na kwamba angemwoa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni hilo halikulipwa. Rodin alimwoa Rose mnamo Januari 1917, mwaka uo huo ambao wote wawili waliaga dunia.

Camille hakukaa kitako akilia. Sanamu yake Sakountala ilitambuliwa katika maonyesho ya Paris ya 1888. Baada ya kuachana na Rodin alichonga L'Âge mûr, inayoonyesha mwanamume akivutwa na mwanamke mkongwe huku msichana aliyepiga magoti akimnyooshea mikono. Serikali iliagiza kazi hiyo mnamo 1895, lakini baadaye mpango wa kuisubu kwa shaba ukafutiliwa mbali. Camille aliamini kuwa huo ulikuwa mkono wa Rodin.

Shaka hiyo ilizidi kukua hadi ikawa maradhi. Alijifungia chumbani, akishuku kwamba Rodin alinuia kumwibia kazi na hata kumtilia sumu. Alivunja sanamu zake nyingi kwa mikono yake mwenyewe.

Babake, aliyekuwa ngao yake, alifariki Machi 1913. Siku chache baadaye, familia ilimpeleka Camille katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Filamu ya Nuytten inafikia tamati hapo, lakini Camille aliishi miaka 30 zaidi, mingi yake katika hospitali ya Montdevergues karibu na Avignon. Madaktari walipopendekeza arudi kwa jamaa zake, mamake alikataa, wala hakwenda kumtazama hata mara moja. Nduguye Paul, mshairi na balozi mwenye sifa tele, alimtembelea kwa nadra. Mikono iliyosifiwa Paris haikuchonga tena.

Alifariki Oktoba 19, 1943, akiwa na umri wa miaka 78. Mifupa yake iliishia katika kaburi la pamoja.

Rodin alivunja ahadi, lakini si yeye aliyefunga mlango wa hospitali. Walioufunga ni watu wa damu yake. Mnamo 2013, mwelekezi Bruno Dumont aliisimulia sehemu hiyo ya kisa katika filamu Camille Claudel 1915, Juliette Binoche akiwa mwigizaji mkuu.

Mnamo Machi 2017, makavazi yenye jina la Camille yalifunguliwa mjini Nogent-sur-Seine, alikoishi akiwa mtoto. Humo, sanamu zake zimesimama kwa jina lake mwenyewe.