Elizabeth de Clare: Mjane aliyeporwa ardhi na shemeji yake

Ukifika Cambridge, Uingereza, utakuta chuo kinaitwa Clare. Jina hilo ni la mwanamke aliyeolewa mara tatu, akafiwa na waume wote watatu, kisha akanyang'anywa ardhi na mume wa dada yake. Yote hayo yalimkuta hata miaka 30 hajafikisha.

Elizabeth de Clare alizaliwa mwaka 1295. Baba yake, Gilbert, alikuwa mwinyi mkubwa mwenye cheo cha Earl wa Gloucester. Mama yake, Joan, alikuwa binti wa Mfalme Edward wa Kwanza. Ukoo wao ulimiliki ngome, mashamba na miji Uingereza, Wales na Ireland.

Akiwa na miaka 13 tu aliozwa kwa John de Burgh, mtoto wa mwinyi wa Ulster. John alifariki mwaka 1313. Mwaka uliofuata kaka yake Elizabeth, aliyerithi mali yote ya ukoo, aliuawa vitani Bannockburn akipigana na Waskoti. Hakuacha mtoto.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mke wa marehemu alidai ana mimba, hivyo mirathi ikasimama. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, mtoto haonekani. Kila mtu alijua mali itagawanywa kwa dada watatu, na ghafla mabinti hao wakawa dili.

Februari 1316, Theobald de Verdun alimchukua Elizabeth kutoka ngome ya Bristol na kumuoa bila ruhusa ya mfalme. Julai mwaka huohuo naye akafa. Mfalme Edward wa Pili, ambaye ni mjomba wake wa damu, akamsukuma kwa kipenzi chake, Roger Damory.

Mgao ulifanyika Novemba 1317. Elizabeth alipata Clare kule Suffolk, Usk huko Wales, na mashamba ya Dorset. Dada yake Eleanor, mke wa Hugh Despenser, alipata Glamorgan, si mbali na Usk. Lakini Despenser hakutosheka. Alitaka kusini yote ya Wales iwe yake, na kwa bahati mbaya ya Elizabeth, ndiye mtu mfalme aliyekuwa akimsikiliza kuliko wote.

Damory aliingia kwenye uasi dhidi ya wawili hao, akafa Machi 1322. Elizabeth alikamatwa na watoto wake, akafungiwa kwenye nyumba ya watawa Barking. Huko alilazimishwa kumpa shemeji yake Usk na kupokea Gower, eneo lenye thamani ndogo. Alipoachiwa, mfalme alimwita York, naye akabanwa asaini hati kwamba ameridhika. Mjomba mtu! Haikuishia hapo. Mwaka 1324 Gower nayo ikachukuliwa kwa kesi iliyopangwa, na aliyeishia kuimiliki ni Despenser yuleyule.

Elizabeth hakuwa na jeshi. Alichofanya, Mei 1326, ni kuandikisha kwa siri malalamiko yake yote: nani alimtisha, wapi, na alisaini nini kwa kulazimishwa. Miezi michache baadaye Malkia Isabella alivamia nchi, Despenser akanyongwa Hereford, mfalme akaondolewa. Usk ikarudi kwa mwenyewe.

Hakuolewa tena, na baadaye alikula kiapo kabisa cha kuishi bila mume. Wengi wanaona ni uchaji Mungu tu, ila kuna hesabu pia. Kwa sheria ya wakati ule mume ndiye aliyeshika ardhi ya mke, wakati mjane aliisimamia mwenyewe. Juu ya urithi wake, Elizabeth alikuwa na fungu la ujane kutoka kwa waume waliokufa. Kwa zaidi ya miaka 30 aliendesha mali hiyo akiwa Clare, na daftari zake za matumizi bado zipo.

Fedha hizo ndizo zilizookoa chuo kimoja cha Cambridge kilichokuwa hoi. Alikipa mapato, jina, na mwaka 1359 kanuni zake. Alifariki Novemba 1360.

Mwanawe pekee wa kiume, William, alikuwa ameshauawa Ireland mwaka 1333, hivyo ardhi ilikwenda kwa mjukuu wake wa kike, aliyeolewa na mtoto wa Mfalme Edward wa Tatu. Ikapita mikono kadhaa, na mwaka 1461 kitukuu wa mbali wa Elizabeth akawa Mfalme Edward wa Nne. Clare ikawa mali ya taji.